Fajigi Jabate na Tarehe Ambayo Rais Hakuitaja

Fajigi Jabate alizikwa Ijumaa iliyopita, na mimi ndiye niliyewachekesha watu msibani kwake. Sikukusudia kuwachekesha. Nitaeleza ilivyokuwa, lakini kwanza nimseme yeye, maana maisha yake yote yeye alikuwa akiwasema wengine na hakuna aliyewahi kumsema.

Alizaliwa hapa hapa Kabadugu, katika ukoo wa Jabate, na akina Jabate ni majeli, yaani watu wa maneno. Kwetu mkubwa hapazi sauti mbele za watu. Hunong'ona tu, na jeli aliyekaa karibu naye hulipokea lile neno, akalivika nguo, ndipo akalitoa kwa watu. Mkubwa akinong'ona "karibuni," jeli atasema mlango huu haujafungwa tangu enzi za babu wa babu. Hakuna anayemwita mwongo. Neno likitoka uchi mbele za watu, aibu ni ya aliyelisema, na ya jeli wake inazidi.

Baba yake Fajigi alikuwa jeli wa chifu. Machifu walipokwisha nguvu, Fajigi alikaa miaka kadhaa hana mkubwa wa kumsemea, akawa anasema harusini na kwenye sherehe za kuwapa watoto majina. Kisha wakatufungulia redio ya mji, vyumba viwili na mlingoti mmoja, wakamwajiri. Kazi yake kubwa ilikuwa hotuba za rais. Rais akihutubia kule mji mkuu kwa Kifaransa, redio ya taifa ikirusha saa sita mchana, Fajigi alitakiwa kuwa tayari saa kumi kuzisimulia kwa Kibambara, kwa ajili ya watu wengi wa huku ambao Kifaransa wanakisikia kama kelele za mashine ya kusaga.

Siku ya hotuba alivaa kanzu pana iliyopigwa pasi, akavua viatu mlangoni pa studio, akatafuna kola, zile mbegu chungu za heshima, taratibu mpaka midomo ikawa myekundu.

"Nani anakuona humo ndani, wewe mla maharage?" nilimwuliza siku moja.

"Maneno yananiona," alinijibu. "Wewe nyamaza, mtumwa wangu. Nilikununua bei ya kuku mgonjwa na bado najuta."

Mimi naitwa Ngolo Kone. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Kone na Jabate ni watani tangu wazee wa wazee wetu, na akina Trawore wamo humo humo. Tunaitana watumwa, wezi wa kuku, walaji wa maharage, na anayekasirika ndiye mjinga. Mtani akikutukana asubuhi, siku yako imeanza vizuri. Mtani akinyamaza, jiulize umefanya nini.

Sasa niseme jambo ambalo mji haukulijua. Kifaransa cha Fajigi kilikuwa chembamba, aliachia shule darasa la sita. Kwa hiyo kila hotuba mimi niliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia zizi la mbuzi la jirani, nikaketi ubavuni pake na kumfafanulia maneno mazito. Jeli hapendi ijulikane kwamba naye ana wa kumnong'oneza. Nami niliona ni siri tamu, nikaitunza. Laiti ningejua itakuja kunifaa kwa jambo gani, ningepita mlango wa mbele nikipiga ngoma.

Miaka ile katika nchi ya jirani walikuwa wakiuana. Rais wetu alikuwa na la kusema kila mwezi. Kwanza alisema vita ya jirani si vita yetu. Mwezi uliofuata akasema hatuwezi kufumba macho. Kisha akasema tunalaani vikali.

"Analaani vikali vipi?" Fajigi aliniuliza. "Ameapa? Amepiga mguu chini?"

"Hapana. Alikuwa anasoma karatasi."

"Basi nitasema ametema mate chini akageuza uso."

Na saa kumi rais akatema mate chini, akageuza uso, na wazee kahawani wakatikisa vichwa wakasema huyu sasa ni mwanamume. Nilicheka mpaka machozi. Ndivyo tulivyokuwa tukiichukulia vita, mimi na yeye, kwa kola na kicheko, na mimi nikiwa na elimu yangu yote. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Mbele ya redio, upande wa pili wa barabara, palikuwa na Jemusa Trawore, mjane, akikaanga bajia za kunde. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Burama, kijana wa miaka ishirini na miwili, askari katika kambi ya hapa hapa. Kila asubuhi nilinunua bajia kwake kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi alinipokea kwa maneno yale yale: "Mtumwa wangu umeamka? Leo tumbo umekuja nalo au umeliacha lingine nyumbani?" Nami namwambia bajia zake zinafaa kuezekea nyumba. Ananiongezea moja ya bure, anaiita kodi ya mtumwa.

Jumamosi moja kapteni wa kambi alikuja sokoni. Alisema vijana wetu huenda wakatumwa nchi ya jirani kulinda amani. Akasema pia, na hili alilirudia mara mbili, kwamba mjane mwenye mtoto mmoja tu anaweza kuomba aachiwe mwanawe. Aje mwenyewe kambini, aseme kwa kinywa chake, kabla ya Alhamisi adhuhuri. Baada ya hapo jina haliondoki.

Jumatatu rais akahutubia.

Nilikuwa nimeketi ubavuni pa Fajigi kama kawaida. Rais alisema kikosi kitakwenda. Alisema heshima ya taifa iko hatarini. Alisema wakubwa wa dunia wanatutazama. Fajigi aliandika alama zake kwenye karatasi. Ndipo rais akasema, nami naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno, kwamba ujumbe huu utadumu muda utakaohitajika.

"Muda gani?" aliniuliza.

"Hakusema. Utakaohitajika."

"Mtu anachukua watoto wa watu, hasemi atawarudisha lini?"

"Ndivyo alivyosema, mla maharage. Andika."

Hakuandika. Alitazama dirishani. Jemusa alikuwa amesimama na mwiko mkononi, redio ya jirani yake imeelekezwa kwake, anasikiliza Kifaransa ambacho haelewi hata neno moja. Mafuta yalikuwa yanaungua mbele yake na hakuwa na habari nayo. Wateja wawili walikuwa wakimwambia mama, bajia, mama, bajia zinaungua.

Saa kumi ilipofika Fajigi alivua viatu na kuanza. Sijapata kumsikia akisema vizuri kama siku ile. Aliwataja mashujaa wa zamani waliosimama katikati ya ndugu wanaogombana. Akasema vijana wetu hawaendi kupigana, wanakwenda kukaa katikati kama mtani anavyokaa kati ya wagomvi, na nani amewahi kumpiga mtani? Kisha akashusha sauti, kama rais mwenyewe amemsogelea sikioni, akasema: "Enyi akina mama, mkuu wa nchi anasema, mimi pia ni mzazi. Nawaazima watoto wenu. Kabla mtama haujavunwa, nitawarudisha mlangoni penu."

Alipozima kipaza sauti nilimwambia, "Umetia chumvi."

"Nimetia adabu," alisema. Alikuwa anafuta jasho. "Mkubwa aliyelelewa angesema hivyo. Ameacha neno uchi, nimelifunika. Kazi yangu ni nini?"

"Na mtama ukivunwa hawajarudi?"

"Mkubwa akishasikia jeli wake ameahidi, hutimiza. Baba yangu aliahidi mambo mangapi kwa niaba ya chifu? Yote chifu aliyatimiza, kwa kuogopa aibu."

Hilo ndilo kosa lake, na wala si dogo. Alidhani rais anamsikia. Chifu alikuwa ameketi pale pale, akilisikia neno lililoahidiwa kwa jina lake, na watu wakimtazama usoni. Rais alikuwa mbali, siku mbili kwa basi, hajui kwamba kuna mtu Kabadugu anaitwa Fajigi. Mimi nililijua hilo. Ningeweza kumwambia pale pale arudi kwenye kipaza sauti. Nilivaa kofia yangu nikatokea kwa mbuzi.

Jumanne asubuhi nilikwenda kununua bajia. Jemusa hakunitania. Alinisogeza pembeni ya jiko.

"Mtumwa wangu," alisema, "wewe unajua Kifaransa. Nakuuliza kwa dhati. Rais ndivyo alivyosema? Kabla ya mtama?"

Nilikuwa na bajia mdomoni. Wateja walikuwa wanatazama. Ningesema hapana, ningemvunjia Fajigi heshima mbele ya mji mzima, na ningelazimika kueleza nimejuaje. Mambo hayo nayaandika sasa kana kwamba niliyapima. Sikuyapima. Nilifanya nilichozoea, nikafanya utani.

"Wewe Trawore," nilisema, "Jabate akishasema, hata rais mwenyewe hawezi kubisha! Kaanga bajia, mama, mwanao atarudi amenenepa ukose cha kumlisha."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akashusha mabega, nikaona yanavyoshuka. Akaniongezea bajia mbili badala ya moja.

"Basi siendi kambini," alisema. "Burama mwenyewe hataki niende. Anasema wenzake watamcheka, eti kaombewa ruhusa na mama. Kama ni mpaka mtama tu, si mbali."

Nilikuwa na Jumanne nzima, na Jumatano nzima, na Alhamisi mpaka adhuhuri. Kambi iko nyuma ya shule yangu. Adhuhuri ya Alhamisi nilikuwa darasani nikifundisha kugawanya, nikasikia adhana, nikaendelea kuandika ubaoni.

Waliondoka kwa malori matatu. Fajigi alisimama barabarani akiwataja kwa koo zao, mmoja mmoja, na akina mama walimtunza vitambaa na kola. Burama alikuwa lori la pili. Alimpungia mama yake mkono haraka haraka, kama kijana anayeona haya.

Mtama ulikomaa. Mtama ukavunwa, ukapigwa, ukaingia ghalani. Akina mama walianza kupita redioni kila asubuhi kuuliza, mwanzoni kwa upole. Fajigi aliwaambia kesho, keshokutwa, barabara ni mbaya. Alianza kukonda. Na hapo rais akahutubia tena.

Tuliketi tena pamoja. Rais alisikika amechokozwa na magazeti ya mji mkuu. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, kwamba wanaodai waliahidiwa tarehe ya kurudi kwa kikosi wasimsingizie. Hakutaja tarehe yoyote. Hakuna mtu katika nchi hii aliyepewa tarehe.

Nilimfasiria Fajigi. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie rais akisema jambo la vita ambalo mimi mwenyewe najua ni kweli.

Fajigi alikuwa bado ameshika kalamu.

"Nikilisema hili," alisema hatimaye, "watajua."

"Ndiyo."

"Nisipolisema?"

Saa kumi alisimulia hotuba yote, barabara, pamba, heshima ya taifa, na ile sentensi akairuka. Sauti yake ilikuwa kavu. Mjini wakasema rais ni mwongo, ameahidi hajatimiza, na sasa hata halitaji jambo lenyewe. Walimtukana rais sokoni, walimtukana msikitini wakitoka. Kahawani nilikaa nikiwasikiliza, na mara moja nikatikisa kichwa pamoja nao.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wiki sita baada ya mtama kuingia ghalani, kapteni mgeni alikuja na gari dogo, akauliza nyumba ya Jemusa Trawore. Burama alikuwa amekwenda kuteka maji na madumu mawili, nje kidogo ya kambi yao. Bomu lililofukiwa ardhini halikujua kwamba yeye ni mtani anayekaa katikati.

Siku ya tatu ya msiba tulijaa uani kwa Jemusa. Mfiwa kwetu hapazi sauti. Anamnong'oneza jeli, jeli anawaambia watu. Na jeli wa akina Trawore hapa mjini ni nani kama si Fajigi? Alikuja amevaa kanzu ile ile ya redioni. Aliketi chini kando ya Jemusa, na mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwao, upande wa wanaume, mstari wa mbele.

Jemusa alimwinamia akanong'ona. Alinong'ona kwa muda. Nilimwona Fajigi akifumba macho.

"Jemusa anawashukuru," alisema kwa sauti. "Mliotoka mbali na mliotoka karibu. Anasema mwanawe alikuwa mmoja." Watu walisubiri, wamezoea kwamba hapo ndipo anapoanza kupamba. "Anasema, kulikuwa na nafasi ya kumwomba asiende. Hakwenda kuomba, kwa sababu aliambiwa atarudi kabla mtama haujavunwa. Anasema hana ugomvi na aliyefukia bomu, hamjui. Anasema aliyemwambia habari ya mtama, atakutana naye mbele ya Mungu. Hapo ndipo atamshitaki."

"Amina," watu wakasema. Mzee mmoja akasema, "Rais ajiandae."

"Si rais," Fajigi alisema.

Alisimama. Alivua kikofia chake, akabaki kichwa wazi mbele ya wanawake, jambo ambalo jeli wa umri wake halifanyi.

"Rais alisema muda utakaohitajika. Basi, hakusema zaidi. Mtama ni maneno yangu. Na alipokanusha mwezi uliopita, alikuwa mkweli, nami neno hilo nikaliruka. Mama Burama, aliyekwambia ni mimi. Huna haja ya kumngoja mbele ya Mungu. Yuko hapa."

Jemusa alimtazama kana kwamba anazungumza Kifaransa. Kisha macho yake yakamwacha, yakaanza kutafuta upande wetu wa wanaume, yakanipata.

"Kone," alisema. Hakunong'ona, alisema mwenyewe kwa sauti yake, na watu wote waligeuka. "Mimi nilikuuliza. Asubuhi ile nilikuuliza."

Uani palikuwa na watu mia na zaidi. Nilimwona mkuu wa shule yangu. Niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu. Fajigi alikuwa amesimama bado, kofia mkononi, ananitazama, na mimi na yeye tulikuwa watu wawili tu duniani tuliojua nilikuwa nimeketi wapi Jumatatu ile.

"Mama," nilisema, "mimi hotuba yenyewe sikuisikia. Nilikuwa shuleni. Nilimwamini Jabate kama wewe ulivyomwamini."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenishika shingo. Yalitoka yenyewe, tena kwa Kibambara kizuri.

Fajigi angeweza kufungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Alinitazama, kisha akaitazama kofia yake, akaivaa, akasema polepole, "Ni kweli. Mwalimu alikuwa shuleni."

Akanipa nguo nijifunike. Na mimi nikajifunika.

Redio aliiacha wiki ile ile, hakuna aliyemfukuza. Wakamleta kijana mmoja kutoka mkoani anayesoma hotuba kutoka kwenye karatasi, zikiwa uchi kama zilivyo, na watu walilalamika kwamba hazina ladha, mwishowe wakazoea. Fajigi alilima vitunguu kando ya mto. Harusini walimwita, hakwenda. Kila alfajiri alibeba maji kutoka kisimani akayaweka mlangoni kwa Jemusa, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Miaka miwili ya mwanzo Jemusa aliyamwaga barabarani, ndoo baada ya ndoo, wapitaji wakiona. Mwaka wa tatu akaacha kuyamwaga. Sikumsikia akimwambia neno, lakini mwaka fulani wa baridi kali nilimwona Fajigi amevaa sweta lililofumwa, na ninajua mikono gani hapa mjini hufuma vile.

Mimi Jemusa aliniomba radhi. Alikuja shuleni wiki mbili baada ya msiba, akasema, "Nilikusingizia mbele za watu, mtumwa wangu, uchungu ulinipoteza." Nikamwambia usijali. Kuanzia hapo bajia zangu za bure zikawa tatu. Nilizila kila asubuhi kwa miaka ishirini na moja. Nilijaribu kubadili njia ya kwenda shule, akanitumia mtu kuuliza kama naumwa.

Na Fajigi hakunitania tena. Tulikutana sokoni, namwambia, "Wewe mla maharage, bado hujafa?" Anatabasamu, anainua kofia kidogo. "Bado, Mwalimu. Watoto hawajambo, Mwalimu?" Mara ngapi nilimchokoza! Nilimwita mwizi, nilimwita mtumwa, nilimwambia vitunguu vyake vinanuka kama ukoo wake. "Kweli, Mwalimu," anasema, anapita. Hakuwa na kinyongo usoni, ningekiona. Aliniheshimu tu, kama unavyomheshimu mtu usiyemjua.

Alhamisi iliyopita wanawe walikuja kwangu. Walisema baba amefariki, na mimi ndiye mtani mkubwa aliyebaki, nije nifanye la watani. Nyote mnajua la watani msibani: kumwigiza marehemu, kumtukana, kuwafanya wafiwa wacheke ili pumzi iwarudie. Nilisema magoti yananiuma. Walisema watanibeba.

Basi Ijumaa nilisimama uani kwa Fajigi, nimevaa kanzu yake ya redioni, imenibana mabegani. Nilivua viatu. Nilitafuna kola nikiwa sina meno ya kutosha, wakaanza kucheka. Nikamwigiza rais akitema mate chini, wakacheka zaidi, mpaka mjane wake alijifuta machozi kwa kicheko. Jemusa alikuwa ameketi kati ya wanawake wazee, mkongojo magotini, anacheka na yeye.

Nilipomwona anacheka, niliacha kuigiza. Nikasema, "Huyu mla maharage hakuwa mwongo peke yake. Kifaransa hakukijua! Mimi ndiye niliyekuwa nikimnong'oneza. Nilipita kwenye zizi la mbuzi, nikakaa ubavuni pake. Nilikuwepo siku ya mtama. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba rais hakutaja tarehe. Jemusa akaniuliza, nikamfanyia utani. Msibani akaniuliza, nikasema nilikuwa shuleni. Sikuwa shuleni. Mwongo ni mimi, na huyu maiti amenificha miaka ishirini na moja."

Walicheka. Walicheka kuliko mwanzo. "Kone huyo!" mtu alipiga kelele. "Kwenye zizi la mbuzi! Hata msibani anataka awe yeye mkubwa!" Vijana walipiga makofi. Nilisema, "Jamani, nasema kweli," na hilo likawachekesha mpaka mmoja akakaa chini. Mtani akisema kweli msibani, nani atamwamini? Nilirudia mara ya tatu, sauti ikanikatika, wakasifu jinsi ninavyojua kuigiza kilio.

Jemusa peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mkongojo wake kwa mikono miwili, ananitazama, na nikaona anahesabu nyuma, mlango wa nyuma wa redio, zizi la mbuzi la jirani, Jumanne ile, bajia mdomoni mwangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Ningeweza kutokwenda. Siku hizi mjukuu wa dada yake ndiye anayekaanga, lakini kupokea wateja bado anapokea mwenyewe, ameketi kwenye kigoda chake. Nilisimama mbele yake nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Nilikuwa nalihitaji.

Alifunga bajia zangu kwenye karatasi, zile nilizolipia tu, akanipa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Umeamkaje, Mwalimu?"